Maumivu ya Mifupa kwa Mtu Anayejidunga: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Daktari

Miongoni mwa barua zilizotufikia kuhusu afya ya watu wanaojidunga dawa za kulevya, nne zimegusa jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni vijidudu vinavyopenya kwenye damu na kujificha ndani ya mfupa. Maambukizi haya si ya kila siku, na kwa sababu hiyo hukosewa kwa urahisi, hata na watabibu wenye uzoefu. Majibu yangu hayalingani kwa urefu kwa kuwa barua zenyewe hazilingani kwa uzito. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Swali: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29 na amekuwa akijidunga heroini kwa muda mrefu. Hii ni wiki ya sita analalamika maumivu ya mgongo sehemu ya chini, na usiku humwamsha. Tulimpeleka hospitali mwanzoni kabisa, akapigwa picha ya eksirei, tukaambiwa mifupa haina tatizo, akapewa dawa ya kutuliza maumivu. Hana homa. Yeye mwenyewe anasema ni arosto tu, yaani maumivu ya kukosa dawa, na baadhi ya ndugu wanasema anatafuta kisingizio cha kupewa dawa kali. Mimi moyo wangu umekataa. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Moyo wako umekataa kwa sababu nzuri, na ninakuomba usikubali kutulizwa. Mtu anayejidunga akipata maumivu mapya ya mgongo yanayodumu kwa wiki kadhaa na kumnyima usingizi, ahesabiwe kuwa ana maambukizi ya uti wa mgongo mpaka vipimo vioneshe vinginevyo.

Kila sindano inayopita kwenye ngozi inaweza kuingiza vijidudu moja kwa moja kwenye mshipa, viwe vya kwenye ngozi, vya kwenye maji yaliyotumika kuyeyushia dawa au vya mdomoni. Mwili huviua vingi. Vinavyosalia hutafuta mahali penye mishipa midogo mingi ambamo damu hupita polepole, na pingili za uti wa mgongo ni mahali pa namna hiyo. Kwa kuwa ateri moja ndogo hugawanyika na kulisha pingili mbili zilizopakana, mara nyingi maambukizi hushika pingili mbili kwa pamoja na kula diski iliyo katikati yake. Usaha ukiongezeka unaweza kusogea nyuma, kwenye nafasi inayozunguka uti wa neva, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, na hapo ndipo hatari ya kupooza inapoanza.

Sasa tuiangalie ile picha ya eksirei iliyowapa faraja. Eksirei haioni maambukizi ya mfupa katika siku za mwanzo, kwa sababu ni lazima mfupa upoteze sehemu kubwa ya madini yake, kati ya asilimia 30 na 50, kabla uharibifu haujaonekana kwenye picha, na hilo huchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Picha iliyopigwa mwanzoni mwa maumivu ikatoka safi haijathibitisha kwamba mfupa ni mzima. Kukosa homa nako kusiwapumbaze: chini ya nusu ya wagonjwa wa maambukizi ya pingili ndio huwa na homa, na hesabu ya chembe nyeupe za damu inaweza kutoka ya kawaida kabisa. Ndiyo maana ugonjwa huu hugunduliwa baada ya miezi miwili hadi minne kwa wagonjwa wengi, muda ambao mfupa unaendelea kuliwa kimyakimya.

Kuhusu arosto, mdogo wako hasemi uongo. Arosto huuma mgongo na mifupa kwelikweli. Lakini ina tabia zake. Maumivu yake husambaa mwili mzima, huja pamoja na mafua, miayo, machozi, vipele vya baridi, tumbo kuvurugika na kukosa utulivu, na kwa mtumiaji wa heroini hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Tena hutulia mara tu anapopata dawa. Maumivu ya maambukizi hukaa mahali pamoja, mgonjwa huweza kuyaonesha kwa kidole, hayaondoki kwa kulala, na hurudi palepale kila nguvu ya dawa inapokwisha. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba heroini yenyewe huyafunika maumivu, kwa hiyo mtu hujikuta anaongeza kiasi anachojidunga ili aweze kulala, na watu wa nyumbani wanaona ulevi umezidi, kumbe ugonjwa ndio uliozidi. Ndugu wanaosema anatafuta kisingizio wasikilizwe kwa upole, ila wasipewe nafasi ya kuamua.

Mrudisheni hospitali yenye uwezo mkubwa kuliko ya kwanza, na ombeni uchunguzi wa mwili usiokuwa wa haraka. Daktari anapaswa kumgonga kwa upole pingili moja baada ya nyingine kutoka shingoni hadi kiunoni akitafuta ile inayomfanya ashtuke, ampime nguvu za miguu kwa kumtembeza kwa visigino kisha kwa vidole, amguse mapajani na sehemu za siri ili kujua kama kuna ganzi, na amuulize kuhusu mkojo na choo. Baada ya hapo hupimwa damu kuona viashiria vya uvimbe ndani ya mwili, yaani protini ya CRP na kasi ya chembe nyekundu kutuama. Vipimo hivi viwili havitaji ugonjwa, lakini kwa mtu mwenye maambukizi ya pingili ni nadra vyote viwili kuwa vya kawaida, tena ni vya bei nafuu kuliko picha kubwa.

Kipimo kinachotoa jibu ni MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ambayo huona maambukizi mapema na kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Kwa mtu anayejidunga ni vema upigwe uti mzima wa mgongo, si kiuno peke yake, kwa kuwa vijidudu vilivyosafiri kwa damu vinaweza kutua sehemu zaidi ya moja. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: MRI humtaka mgonjwa alale bila kutikisika kwa dakika 30 hadi saa nzima. Mtu mwenye maumivu makali, ambaye arosto imeshaanza kumshika, hawezi. Atatikisika, picha itaharibika, atatoka ndani ya mashine na kuondoka, na kwenye faili itaandikwa kwamba amekataa kipimo. Mwombeni daktari amwanzishie methadoni au buprenofini, dawa zinazotuliza arosto, pamoja na dawa ya kutosha ya maumivu kabla ya kumpeleka kwenye mashine. Hiyo ni sehemu ya uchunguzi na wala si kumdekeza.

Damu ya kuotesha vijidudu maabara, ili wajulikane ni wa aina gani, ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, angalau mara mbili, kila mara kutoka sehemu tofauti ya mwili. Vijidudu vikipatikana kwenye damu, moyo nao uchunguzwe kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwani maambukizi ya vali za moyo na yale ya uti wa mgongo huandamana mara kwa mara kwa watu wanaojidunga.

Mguu mmoja au yote miwili ikilegea, ganzi ikijitokeza sehemu anazokalia, au akishindwa kukojoa, msisubiri miadi wala kipimo cha kesho. Mpelekeni saa hiyohiyo palipo na daktari wa upasuaji. Vitabu husema jipu linalobana uti wa neva huleta maumivu ya mgongo, homa na udhaifu wa miguu, lakini wagonjwa wenye dalili zote tatu kwa pamoja ni wachache, na aliyekwisha kupooza kwa zaidi ya siku moja au mbili hupata nafuu kwa shida sana.

Swali: Daktari, niliacha kujidunga miezi miwili iliyopita na ninamshukuru Mungu. Sasa nina uvimbe unaouma pale mfupa wa mtulinga unapokutana na kidari, upande wa kulia, na siwezi kuinua mkono vizuri. Fundi wa viungo aliniambia nimeteguka na akataka kunikanda. Je, inaweza kuwa na uhusiano na maisha yangu ya zamani?

Jibu: Hongera kwa hatua uliyopiga. Uhusiano unaweza kuwepo, na usikandwe mpaka upimwe.

Kiungo unachokitaja ni kidogo, na kwa watu wengi hakipati maambukizi kabisa. Katika maambukizi yote ya viungo, hicho huchangia takriban asilimia 1. Kwa wanaojidunga, uchambuzi wa visa vilivyochapishwa umeonesha kiwango cha asilimia 17. Sababu yake haijulikani vizuri kama ni vijidudu kuletwa na damu kutoka mbali au kupenya kutoka kwenye mishipa ya shingo na mkono iliyo jirani, na huenda njia zote mbili zinahusika. Viungo vingine vyenye tabia hiyo kwa wanaojidunga ni kile kinachounganisha uti wa mgongo na fupanyonga, ambacho huuma kwenye tako na kumfanya mtu adhani ana tatizo la neva ya mguu, na kile cha mbele kwenye kinena, hasa kwa waliozoea kujidunga kwenye mshipa wa paja. Tabibu akimwona mtu mzima mwenye umri mdogo ana usaha kwenye mojawapo ya viungo hivi bila sababu nyingine, inampasa aulize kuhusu sindano.

Miezi miwili si muda mrefu kwa ugonjwa unaokwenda polepole, kwa hiyo kuacha kwako hakufuti uwezekano huu. Mweleze daktari ulijidunga mara ya mwisho lini. Kiungo hiki kipigwe CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka inayounganishwa na kompyuta) au MRI, kwa sababu eksirei ya kawaida hufichwa na mbavu na kivuli cha kifua, kisha majimaji yatolewe kwa sindano na kuoteshwa. Usaha wa hapo huweza kupenya nyuma ya kidari na kuingia kifuani, kwa hiyo nenda wiki hii.

Swali: Mheshimiwa Daktari, mimi ni tabibu katika hospitali ndogo. Tumempokea mgonjwa wa miaka 34 anayejidunga, na MRI imeonesha pingili mbili za kiuno zimeshikwa pamoja na diski. Kabla ya kufika kwetu alimeza amoksilini kwa siku kumi, aliyoinunua mwenyewe kwenye duka la dawa. Damu tuliyootesha mara mbili haikuotesha kitu. Hana homa, anatembea, na nguvu za miguu ni za kawaida. Tumwanzishie antibiotiki zipi kwa kukisia?

Jibu: Ndugu tabibu, nashukuru kwa kuandika kabla ya kuanza dawa. Kwa mgonjwa uliyemweleza, jibu langu ni kwamba msianze yoyote kwa sasa. Najua lilivyo gumu jambo hilo kwa mtu aliyefundishwa kutibu, na ningekuwa wodini nanyi ningehisi uzito huohuo. Lakini mgonjwa asiye na udhaifu wa neva na asiye na sumu ya vijidudu kwenye damu anaweza kusubiri, ilimradi achunguzwe miguu na mkojo kila siku; na kila dozi mtakayompa sasa inapunguza nafasi ya kumjua adui wake. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani, uliotolewa mwaka 2015, unaelekeza hivyohivyo. Inapowezekana, antibiotiki zisimamishwe kwa wiki moja hadi mbili, kisha kipande cha mfupa au diski kichukuliwe kwa sindano inayoongozwa na CT. Akianza kulegea miguu au shinikizo la damu likishuka, subira hiyo inakoma palepale: damu ioteshwe tena, dawa zenye wigo mpana zianze, na daktari wa upasuaji aitwe.

Kama damu ingeotesha stafilokokasi ya dhahabu, kijidudu kinachoongoza katika maambukizi haya kwa watu wote, mngekuwa na jibu bila kugusa mfupa. Damu isipootesha kitu, mfupa lazima uulizwe. Sindano ya kwanza hutoa jibu kwa takriban nusu ya wagonjwa tu. Ikitoka tupu, rudieni, na ya pili nayo ikitoka tupu, mgonjwa apelekwe kwa upasuaji mdogo wa kuchukua kipande kikubwa zaidi. Sioni haya kumchoma mgonjwa mara ya pili kwa ajili ya jina la kijidudu, kwa kuwa jina hilo ndilo linaloamua atatibiwa wiki sita au mwaka mzima.

Kipande kikipatikana, kigawanywe kabla hakijatiwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Kosa la kukitia chote kwenye fomalini huharibu kila kitu, maana kilichozama humo hakioti tena. Sehemu moja iende kwa mtaalamu wa kusoma tishu kwa hadubini; nyingine ioteshwe kwa ajili ya bakteria wanaohitaji oksijeni na wasioihitaji, kuvu, na kifua kikuu. Andikeni kwenye fomu kwamba mgonjwa anajidunga, na muombe maabara wasitupe sahani baada ya siku mbili, kwani vijidudu adimu vingi huota polepole.

Historia nayo itawaelekeza, mkiuliza kwa undani. Aliyeyeyusha dawa kwa maji ya bomba, ya ndoo au ya chooni anaweza kubeba sudomonasi, bakteria wa majini ambao amoksilini haiwagusi kabisa na ambao katika miaka ya 1970 na 1980 walielezwa mara nyingi kwenye mifupa ya waliojidunga nchini Marekani. Anayelamba sindano kabla ya kuichoma, au kulamba ngozi baada ya kuchomoa, huingiza vijidudu vya mdomoni. Mmoja wao ni eikenela, anayeota taratibu, anayependa hewa yenye kaboni dioksidi, na asiyesikia klindamisini wala metronidazoli, dawa mbili ambazo huenda mkazifikiria kwa vijidudu vya mdomoni.

Muulizeni pia kama aliyeyusha heroini ya kahawia kwa maji ya limau. Heroini ya namna hiyo haiyeyuki bila asidi, na limau lililokatwa na kuachwa huota kuvu aina ya kandida. Katika miaka ya 1980, madaktari wa Hispania na Ufaransa waliona mfululizo wa wagonjwa ambao siku chache baada ya kujidunga walipata homa na vipele vyenye usaha kichwani na kwenye ndevu, kisha macho yakaingia ukungu, na wiki kadhaa baadaye mifupa au gegedu za mbavu zikavimba. Mgonjwa huja kwenu akiwa kwenye hatua hiyo ya mwisho na vipele vimeshapona. Mwulizeni kuhusu vipele, mtenganisheni nywele kwa vidole mkitafuta makovu kichwani, na mwombeni mtaalamu wa macho atazame nyuma ya jicho. Nimeona historia ya limau ikitaja ugonjwa kabla ya maabara, na hakuna mashine inayoweza kuiuliza.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alikieleza mwaka 1779, kisisahauliwe kwa mtu huyu, na kipimo cha VVU kifanyike kwa ridhaa yake. Kifua kikuu huiacha diski bila kuigusa kwa muda mrefu kuliko bakteria wa usaha, hushika pingili nyingi, na hukusanya majipu makubwa yasiyo na joto. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu, kikifanywa kwenye kipande cha mfupa hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, ingawa jibu hasi halikifuti, na kuotesha huchukua hadi wiki sita au nane. Palipo na mifugo na maziwa mabichi, brusela, bakteria anayetoka kwa mifugo, iulizwe pia.

Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba kwa maambukizi ya pingili yanayotokana na bakteria wa usaha, wiki sita za antibiotiki zinatosha sawa na wiki 12. Kandida ya mfupa huhitaji miezi sita hadi 12 ya dawa ya kuvu, na kifua kikuu nacho ni cha miezi mingi. Mtu mwenye kandida akipewa wiki sita za antibiotiki kwa kukisia atarudi akiwa amepinda mgongo.

Swali: Daktari, mimi ndiye ninayejidunga. Nina maumivu ya shingo yasiyoisha na ninaogopa kwenda hospitali. Mara ya mwisho niliposema ukweli, muuguzi aliita wenzake waje kunitazama, na hakuna aliyenigusa kwa saa nyingi. Nikienda nikanyamaza kuhusu sindano, watagundua? Na ni kweli nitalazwa miezi?

Jibu: Pole sana. Uliyotendewa yalikuwa makosa, na hayakustahili mtu yeyote mwenye maumivu.

Ukinyamaza, wanaweza kugundua, lakini watachelewa. Maumivu ya shingo kwa mtu wa rika lako huitwa misuli, au mto mbaya, au kazi ya kuinama, na hakuna atakayeomba MRI. Neno "sindano" ndilo linalobadilisha mpangilio mzima wa vipimo. Kwa wanaojidunga, pingili za shingo hushikwa mara nyingi kuliko kwa wagonjwa wengine, na nafasi ya uti wa neva huko ni finyu, kwa hiyo nakusihi usikae nyumbani. Ukisikia mikono inakosa nguvu, vitu vinakuponyoka, au miguu inakuwa mizito, nenda siku hiyohiyo.

Kama kusema ni kuzito, andika kwenye karatasi umpe daktari mwenyewe, si mapokezi: ninajidunga, mara ya mwisho lini, nayeyusha kwa nini, maumivu yalianza lini na yapo wapi, dawa nilizokwisha kumeza. Nenda na mtu unayemwamini, na kama eneo lako lina kituo cha methadoni au waelimishaji rika, waombe wakusindikize, kwa sababu wao huwajua watoa huduma wenye utu. Daktari anafungwa na wajibu wa kutunza siri yako. Usimeze antibiotiki yoyote kabla ya kwenda, hata ile iliyobaki nyumbani. Kama mishipa ya mikono imekufa, waambie mapema ni wapi damu inapatikana, maana wewe unaijua kuliko wao.

Kuhusu kulazwa, huenda isiwe miezi. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, uliochapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba dawa za kumeza, zikichaguliwa kulingana na kijidudu kilichopatikana, hazikuzidiwa na zile za kupitia mshipani katika wiki sita za kwanza. Kwa hiyo baada ya siku za mwanzo unaweza kuzungumza na daktari kuhusu kuendelea na vidonge ukiwa nyumbani, endapo kijidudu chako kinaruhusu. Arosto ikikushika wodini, sema mapema, kabla hujafikia hatua ya kuondoka, na omba dawa yake kwa jina. Ukilazimika kuondoka hata hivyo, acha namba ya simu inayopatikana, yako au ya mtu wa karibu, kwa sababu damu iliyochukuliwa leo huweza kuotesha kijidudu keshokutwa au siku ya tano, na maabara ikipiga simu ni lazima awepo wa kupokea.